Wazo la Biashara Hutoka Wapi?

Anayeanza biashara mara nyingi huiga duka la jirani, kisha wote wawili hugombea wateja wale wale hata mtaji ukaisha. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi wenzao, walianza na kero ya nyumbani kwao: unga uliochanganywa na chaki, mizani ya kupunja, na madeni ya dukani yasiyokwisha. Watu 28 walichanga pauni 28, na tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka la siagi, sukari, unga na mishumaa. Walipima sawasawa, hawakukopesha. Katibu na awaulize wanachama kwanza: kila wiki wananunua nini, wapi, na wananung'unikia nini?