Farasi Msikivu

Wanachama wenzangu, sisi tuliokulia Kibera na Kawangware tunawajua farasi wa Barabara ya Ngong: wale wa mbio katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1954, na wale wa maonyesho pale Jamhuri. Wengi wetu hudhani ati farasi bora ni wa shoti tu. La hasha!

Huko Marekani kuna mashindano ya farasi wa ranchi. Mwamuzi hatazami saa. Hutazama farasi anavyotembea, anavyokwenda matiti (msicheke, ndio mwendo wake wa kukimbia polepole), anavyosimama na kurudi nyuma, hatamu ikiwa imelegea. Kwato hazipakwi rangi.

Mafunzo huanzia chini, si juu ya tandiko. Saisi hushika kamba ndefu, farasi akawa anamzunguka. Akitii, kamba hulegezwa papo hapo. Huo ndio ujira wake. Ukichelewa kulegeza, umemfundisha kwamba kutii hakumsaidii kitu.

Jirani yetu mmoja wa Kibera ni saisi. Hutoka alfajiri kwenda kazi hiyo. Siku ya maonyesho, mwenye farasi ndiye hupanda na kupewa utepe. Jirani husimama kando ya fensi, ndoo mkononi, akiangalia kama hatamu bado imelegea.