Ghala la Chuma Linalostahimili Baridi ya Tarime na Jua la Serengeti

Mkoani Mara hatuna theluji. Baridi yetu ni ya alfajiri. Mjini Tarime, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unaamka Julai unakuta bati limelowa kwa ndani na mvua haijanyesha. Ukielekea Mugumu, Serengeti, jua la mchana linachoma na upepo hauna kizuizi. Usichukue ramani ya ghala la Dar es Salaam ukaisimamisha huku.

Hatua ya kwanza ni kiwanja. Omba takwimu za upepo na mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa, umpe mhandisi aliyesajiliwa, kisha fuata kibali halmashauri.

Hatua ya pili, msingi. Nguzo ya chuma isifukiwe udongoni. Ikae juu ya zege lililopanda shubiri moja kutoka ardhini, ifungwe kwa bolti.

Hatua ya tatu, paa. Upepo hausukumi tu, hunyanyua. Funga kenchi kwenye nguzo na papi kwenye kenchi, kwa bolti. Bati lishikwe na skrubu zenye mpira, uzikaribianishe zaidi pembeni na kwenye kingo, maana ndiko paa linakoanza kuezuliwa. Kutani weka vyuma vya mshazari vinavyopishana.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayoharibu chakula: jasho la bati. Usiku bati hupoa haraka, mvuke wa ndani unaligusa na kugeuka matone. Matone yakiangukia magunia, ukungu unaota, na sumukuvu inafuata. Tandika tabaka la kuzuia joto chini ya bati. Acha matundu ya hewa chini ukutani na juu mgongoni mwa paa, uyazibe kwa wavu. Mahindi yaingie yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta.

Hatua ya tano, kutanuka. Jengo la mita 30, chuma chake kikitoka nyuzi 10 alfajiri hadi 40 juani, hurefuka karibu milimita 11. Mwambie fundi aache nafasi hiyo.

Mwisho, kila palipochomelewa pasuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Radi ni nyingi kuzunguka Ziwa Victoria, kwa hiyo unganisha nguzo na waya wa ardhini. Kila mwaka kabla ya vuli, panda ukakaze skrubu zilizolegea.