Kijana Mlemavu Naye Aulizwe

Leo tuzungumze juu ya yule kijana wenu wa miaka ishirini na mitatu anayetembelea magongo, au asiyesikia, au asiyeona. Mmemlisha, mmemsomesha, mmemwombea. Je, mmewahi kumwuliza kama angependa kuoa au kuolewa?

Wazazi wengi hapa Kisumu na kando ya ziwa hawajauliza. Ndugu zake wakifikia umri hujengewa simba. Yeye anaendelea kulala katika nyumba ya mama yake. Wageni wakija kumposa mdogo wake, yeye hukaa chumba cha nyuma. Majirani humwita rang'ol, hali ana jina la ubatizo. Haya yote hayafanywi kwa chuki. Mara nyingi ni huruma, na huruma ya namna hii humfunga mtu kuliko magongo.

Kanisa halimfungi. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 1058, yasema kila mtu asiyekatazwa na sheria aweza kufunga ndoa. Na upofu, uziwi au kukosa mguu havimo kati ya vizuizi. Kanuni 1057 yaeleza kwamba ndoa hufanywa na kukubaliana kwa wenyewe wawili, na hakuna mamlaka ya binadamu iwezayo kukubali badala yao. Si baba, si mama, si mjomba. Asiyeweza kusema, kanuni 1104 yamruhusu akubali kwa ishara zenye maana ile ile. Tena kanuni 1106 yaruhusu mkalimani, mradi paroko awe na hakika juu ya uaminifu wake. Kwa maoni yangu, mkalimani wa siku hiyo asiwe mama mzazi, hata kama ndiye anayezielewa ishara za mwanawe kuliko wote. Atafutwe mtu asiye na lake katika shauri hilo.

Ulemavu wa akili ni jambo jingine. Hapo huangaliwa kama mtu anaelewa ndoa ni nini na wajibu wake ni upi (kanuni 1095). Mwendeeni paroko mapema, na daktari akihitajika asaidie. Msihukumu nyumbani.

Nasi Wajaluo tuna neno zuri: ayie, maana yake "nimekubali". Ndilo jina la fedha zinazopelekwa kwa mama wa msichana. Lakini binti akiwa mlemavu, mara nyingine wote husema ayie isipokuwa yeye. Mzee mwenye wake wawili huja na mahari kidogo, na familia husema, "Angalau amepata pa kwenda." Hiyo si ndoa ya Kikristo. Na hata mwanamume asiye na mke akija, binti akisukumwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa, ndoa hiyo ni batili (kanuni 1103). Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 45, yataka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili.

Msichana aliyeambiwa tangu utoto kwamba hakuna atakayemtaka, atamfuata wa kwanza atakayemwambia neno tamu. Wazazi hudhani wakimfungia ndani wanamlinda. Kumbe aliyezoea watu ndiye ajuaye kumpambanua mlaghai.

Basi awazoee wapi? Hapa ndipo penye taabu. Wengi walisoma shule za bweni: Joyland na Kibos hapa Kisumu, St. Oda Aluor, shule ya viziwi ya Nyang'oma. Huko walikuwa na marafiki waliowaelewa. Masomo yakiisha, huyu yuko Homa Bay na mwenzake yuko Busia. Simu imesaidia sana, kwani asiyesikia huandika ujumbe na asiyeona husomewa na simu yake. Lakini hakuna aliyefunga ndoa na simu. Zamani jagam, yaani mshenga, ndiye aliyetembea kati ya nyumba na nyumba. Siku hizi kijana hujitembelea mwenyewe. Asiyeweza kutembea je? Makanga akiona kiti cha magurudumu kituoni, humwashiria dereva aendelee. Tuktuk itambeba, ila kwa pesa zaidi. Pesa hizo mpeni, kama mnavyompa ndugu yake nauli ya kwenda harusini. Ajiunge na kwaya. Jumuiya ndogo ndogo ikikutana penye ngazi, ihamie kwingine. Na akienda, asiandamane na dada wa kumlinda kila mara.

Atakataliwa? Huenda. Hata wenye miguu miwili hukataliwa. Atalia siku mbili tatu, nanyi mtakaa naye.

Akikubaliwa, jiandaeni kwa wakwe. Watasema, "Atatuletea wajukuu vilema." Jibuni kwa utulivu. Mguu uliokatwa baada ya ajali ya bodaboda haurithiwi, wala uziwi ulioletwa na homa ya uti wa mgongo. Ulemavu mwingine hurithiwa, ni kweli. Hayo aulizwe daktari. Ila kando ya ziwa hili watu wengi wenye afya hubeba asili ya selimundu bila kujua, na sijasikia mkwe akiwarudisha nyumbani kwa sababu hiyo. Na uzazi hauko miguuni. Hata wakikosa watoto, kanuni 1084 yasema utasa haubatilishi ndoa.

Wachumba wenyewe waongee waziwazi kabla ya matangazo: maji yatachotwa na nani, fedha zitatoka wapi, yupi ataomba msaada na kwa lipi. Nanyi wazazi, kama ni mvulana, mjengeeni simba yake sasa, kabla mchumba hajapatikana. Mlango uwe mpana, kizingiti kiondolewe, na chooni kuwe na kishikio.