Sajili Katika Mchezo wa Kompyuta

Najua wapo walimu watakaouliza mchezo wa kompyuta unatafuta nini katika jarida la chama chetu. Subirini kidogo.

Mchezo wenyewe ni Shadowrun Returns, uliotoka Marekani mwaka 2013. Sisi Wakenya tulipata Nairobi X mwaka 2015, lakini huo ni wa kufyatua risasi. Huu ni wa kuigiza mhusika. Waliouunda, Harebrained Schemes, hawakuwa na fedha nyingi. Mwaka 2012 waliitisha harambee kwenye intaneti, wakaomba dola 400,000, wakachangiwa zaidi ya milioni 1.8. Hadithi inatokea Seattle mwaka 2054: makampuni yana nguvu kuliko serikali, watu wamepachikwa mitambo mwilini, uchawi umerudi (usiniulize vipi), nawe unamsaka aliyemuua rafiki yako Sam.

Wahusika hawasemi kwa sauti, unawasoma. Na hapo ndipo utamu ulipo, jamani! Ukimwongezea mhusika wako haiba, unamchagulia sajili: ya walinzi, ya makampuni, ya magenge au ya wasomi. Mwenye sajili ya walinzi huweza kumwambia askari wa mlangoni maneno mawili matatu, akapita. Asiye nayo huenda akalazimika kutoa bunduki. Yale tunayokariri katika Isimujamii kwa ajili ya mtihani, humu yanaokoa maisha.

Kasoro zipo. Hadithi inakwenda kama ile reli ya zamani ya Voi hadi Taveta: huwezi kushuka Bura ukashika njia yako. Tena mchezo ulipotoka, ulijihifadhi wenyewe unapoingia mahali papya tu. Nilicheza nakala ya zamani ya binamu yangu kule Mwatate. Nimepigana karibu nusu saa, nimebakisha adui mmoja, mara stima ikapotea! Iliporudi nikaanza tena mlangoni. Dragonfall ya 2014 ilirekebisha jambo hilo, lakini mimi nilikuwa nimeshakasirika.

Kiswahili nacho hamna humo. Hata hivyo, mchezo unakuja na kifaa cha kutungia hadithi zako mwenyewe, na hicho ndicho kilichonifanya niandike. Kwani lazima iwe Seattle?

Zoezi: Ni usiku, mwaka 2054. Msafiri asiye na tiketi amefika stesheni ya Voi, na treni ya mwisho ya Mombasa inakaribia kuondoka. Andika mazungumzo yake na mlinzi mara mbili: kwanza kwa sajili ya vijana wa mtaani, kisha kwa sajili ya ofisini. Ni yupi atakayepita?