Mtoto mchanga akilazwa nje ya kambi: nani analipa?



Somo la mwezi huu linahusu gharama za hospitali. Wazazi wengi wanaziogopa, na hofu hiyo ina hatari. Wengine huchelewa kumleta mtoto mgonjwa. Wengine hutoroka wodini usiku kabla sindano hazijaisha. Mtoto wa siku chache hana nguvu ya kungoja.

1. Dalili zisizongoja

Mpeleke mtoto wa chini ya siku 28 kituo cha afya mara moja, mchana au usiku, ukiona hata moja kati ya hizi:
- hanyonyi vizuri au ameacha kunyonya;
- ana degedege;
- anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani;
- ana joto la 37.5 au zaidi, au mwili umekuwa baridi;
- amelegea, hasogei mpaka aguswe;
- ana manjano siku ya kwanza, au manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo.

Dharura haisubiri kikao. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 unaeleza kwamba kamati ya rufaa huamua juu ya magonjwa yanayoweza kungoja. Mgonjwa wa dharura hupelekwa kwanza, karatasi hukamilishwa baadaye.

2. Fedha hupita wapi?

Waliotoka Burundi watakumbuka Mei 2006, serikali ilipofuta malipo ya uzazi na ya watoto wa chini ya miaka 5. Mama hakulipa, lakini huduma ilikuwa na gharama: hospitali iliandika hesabu, ikaipeleka serikalini, ikarudishiwa fedha baadaye.

Rufaa kutoka kambini hufanana na hiyo. Hospitali huandika ankara kwa shirika la afya: siku za kulala, dawa, vipimo, oksijeni. Shirika hukagua kila mstari, kisha huilipa hospitali. Fedha haipiti mkononi mwako. Maambukizi ya damu kwa mtoto mchanga hutibiwa kwa sindano kwa siku 7 hadi 10 au zaidi, hivyo ankara ndefu isikutishe.

3. Kitu kinachofungua malipo

Ni barua ya rufaa. Bila barua, hospitali haijui ankara impelekee nani, nayo itakudai wewe. Mzazi anayempeleka mtoto mwenyewe bila rufaa kwa kawaida harudishiwi fedha zake.

Tatizo la mtoto mchanga ni kwamba hana namba wala jina. Kwa hiyo:
- Barua iandikwe "mtoto wa" na jina la mama, pamoja na namba ya mama ya ukimbizi.
- Jina la mama liandikwe sawasawa katika barua, faili na kadi ya kliniki. Herufi zikitofautiana, ankara inaweza kurudishwa.
- Mapacha wawe na barua mbili na faili mbili: pacha wa kwanza, pacha wa pili.
- Ukimpa mtoto jina akiwa wodini, mwambie muuguzi aliandike pembeni, asifute lile la kwanza.

4. Ukiwa wodini

Ukiambiwa ununue dawa nje, usikimbilie kukopa. Mwombe muuguzi awasiliane na mhudumu wa rufaa wa shirika. Ikiwa hali hairuhusu kungoja na umelipa, omba risiti yenye tarehe, jina la mtoto na jina la dawa. Risiti haihakikishi kwamba utarudishiwa, lakini bila risiti hakuna cha kukagua.

Usitoroke kwa sababu ya deni. Maambukizi yaliyotibiwa nusu hurudi, na mara nyingi yakiwa makali zaidi. Ukizuiwa kuondoka ingawa daktari amekuruhusu, mjulishe mhudumu wa rufaa siku hiyo hiyo. Hilo ni jambo la ofisi mbili kulimaliza, si lako.

5. Siku ya kutoka

Usipande gari bila karatasi hizi: fomu ya kuruhusiwa, tarehe ya kurudi kliniki, na tangazo la kizazi kama mtoto alizaliwa hospitalini. Ukifika kambini, peleka tangazo hilo kwenye ofisi ya usajili ili mtoto apate namba yake.

KUMBUKA: Dalili kwanza, barua ya pili, ankara ya mwisho. Mweleze na jirani yako mjamzito, ajue mapema kabla siku hazijatimia.