Somo: Kumwuguza Mbwa Dhaifu Baada ya Upasuaji



Vikundi vingi vinavyosoma jarida hili hufuga kuku, sungura au mbuzi, na vingi vina mbwa wa kulinda boma. Lakini ni wachache wanaomhesabu mbwa kuwa mfugo. Akikonda, tunamtupia makombo. Akiumia, tunasema atajilamba apone. Somo la leo linahusu mbwa aliyetoka katika kituo cha kuhifadhi wanyama akiwa mwembamba, mwoga, na bado ana nyuzi tumboni. Ukiweza kumwuguza huyo, mbwa mwingine hatakushinda.

Mbwa kama hao wanatoka wapi?

Hapa Nairobi wengi huokotwa barabarani au huachwa na wenyewe wakihama nyumba. Chama cha kutetea wanyama cha KSPCA, chenye kituo chake Karen, kilianza mwaka wa 1910, na hadi leo kinapokea wanyama wa namna hii na kuwapa watu wanaoweza kuwatunza. Mbwa hutolewa akiwa amechanjwa na kufungwa uzazi. Kwa hivyo mwenye kumchukua huwa amepunguza mbwa koko mtaani, na pia amepunguza hatari ya kichaa cha mbwa.

Mfano wetu wa Donholm

Kikundi chetu hapa Donholm kina banda la kuku nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja. Tuliposikia habari ya mbwa jike aliyetolewa tumbo la uzazi kwa sababu lilikuwa limejaa usaha, wengine walitaka tumchukue awe mlinzi. Wengine walikataa. Mama mmoja alisimama akauliza, "Mtoto wa mwenzetu amerudishwa nyumbani kwa karo, na nyinyi mnataka kumnunulia mbwa nyama?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na halikujibiwa kwa kelele. Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, pesa za mikopo zisiguswe. Pili, watakaojitolea watoe chakula kutoka jikoni mwao, na gharama ya daktari ichangwe na hao hao. Tatu, kuwe na zamu iliyoandikwa katika daftari, asubuhi, mchana na jioni. Huyo mama mwenyewe alichukua zamu ya asubuhi.

Sasa tuangalie kazi yenyewe.

1. Mahali pa kulala. Tafuta pembe kavu, isiyo na upepo wala kelele. Sakafu ya saruji ni baridi, na mbwa aliyekonda hana mafuta ya kumpasha joto. Tandika katoni, kisha gunia safi, kisha blanketi kuukuu. Badilisha kila linapolowa. Kwa siku 10 hadi 14 asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Wanaokaa ghorofani wambebe, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, tumbo lisibanwe. Akienda haja atembezwe kwa kamba fupi, kisha arudi.

2. Chakula. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu lazima umpimie. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa sufuria nzima siku moja anaweza kuugua vibaya, hata kufa, kwa sababu mwili umesahau kushughulikia chakula kingi. Gawa chakula cha siku mara nne hadi sita, kidogo kidogo, na uongeze polepole kwa siku kadhaa. Wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila mifupa ni chakula kizuri cha kuanzia. Usitie kitunguu, kitunguu saumu wala viungo. Mifupa iliyopikwa huvunjika kama vigae na kutoboa utumbo. Maziwa huwaharisha mbwa wengi. Maji safi yawepo saa zote.

3. Dawa. Mpe tu zile alizoandikiwa na daktari wa mifugo, kwa kipimo chake, mpaka ziishe. Usimpe dawa za maumivu za watu. Panadol na Brufen, ambazo sisi tunameza bila kufikiri, zinaweza kuua mbwa.

4. Kidonda. Kitazame asubuhi na jioni penye mwanga. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za kwanza ni kawaida, na unapaswa kupungua kila siku. Usipake majivu, mafuta ya gari, spiriti wala dawa ya miti. Usimwogeshe mpaka nyuzi zitolewe. Jambo kubwa ni kumzuia asilambe, maana ulimi wa mbwa una vijidudu na meno yake hukata nyuzi. Kola ya plastiki ya kuvaa shingoni ikikosekana, chukua ndoo nyepesi ya plastiki, toa kitako, lainisha makali kwa kitambaa, uifunge kwenye ukosi wake. Hakikisha anapumua vizuri na anafikia maji.

5. Dalili za kuandika. Katika daftari andika: amekula kiasi gani, amekunywa, amekojoa, amepata choo, kidonda kikoje. Choo kinaweza kuchelewa siku mbili au tatu baada ya upasuaji, lakini mkojo usikose siku nzima. Inua mdomo utazame ufizi: uwe wa rangi ya waridi, na ukiubonyeza kwa kidole rangi irudi kabla ya sekunde mbili kuisha. Mbwa akiwa ametulia hupumua kama mara 10 hadi 30 kwa dakika. Joto lake la kawaida ni kati ya digrii 38 na 39.2, juu kuliko letu, kwa hivyo kumgusa pua si kipimo.

Usingoje kesho

Mpeleke kwa daktari upesi ukiona mojawapo ya haya: ufizi mweupe, damu inayoendelea kutoka, usaha au harufu mbaya, kidonda kilichoachana, kutapika mara kwa mara, tumbo kuvimba, kukataa chakula kwa siku nzima, au kushindwa kusimama.

Kwa mbwa wetu ilitokea siku ya sita. Daftari lilionyesha kwamba jioni alikula nusu tu. Alfajiri yule mama alikuta hataki kabisa kula, anatetemeka, na kitambaa kimelowa. Kola ilikuwa imechomoka usiku na alikuwa amekata nyuzi mbili. Mama hakungoja mkutano. Alimfunika tumbo kwa leso safi, akamweka ndani ya katoni, akaita daktari. Kidonda kilishonwa tena asubuhi hiyo. Daktari alisema kama angeletwa jioni, matumbo yangekuwa yametoka nje. Leo anatembea nyuma ya banda, na mkia umeanza kuinuka.

Kujilinda sisi wenyewe

Mbwa mwenye maumivu anaweza kuuma hata mkono unaomlisha. Watoto wasimkaribie peke yao, hasa akila au akilala. Osha mikono kwa sabuni kila unapomshika, maana minyoo yake inaweza kuingia kwa watu. Uliza tarehe ya chanjo yake na uitunze kadi.

Kichaa cha mbwa kilitambuliwa nchini Kenya mwaka wa 1912, karibu na Nairobi, na bado kipo. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Usipoteze muda kwa mganga.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chenu, ni mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu? Kadi ziko wapi?
2. Mnyama wa kikundi akiugua usiku, nani ana ruhusa ya kuita daktari bila kungoja mkutano? Pesa zitatoka wapi?
3. Mwanachama akiuliza kwa nini tutumie pesa kwa mbwa wakati kuna mtoto hana karo, mtamjibuje bila kumdharau?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama amtazame ufizi mbwa anayemfahamu na aliye mpole, ajue rangi ya uzima inafananaje. Siku ya ugonjwa hutakuwa na nafasi ya kujifunza.