Hana Kwao, Ana Mikono

Wanachuo wenzangu, field tunaenda kujifunza kufundisha, ila kuna somo la ofisini halimo kwenye andalio.

Nikiwa Fukayosi, Bagamoyo, alikuja kijana anayelala kwenye baraza za maduka, akaomba kibarua cha kufyeka nyasi za shule. Mwalimu mmoja akasema, "Hana kwao huyo, ataondoka na fyekeo." Wakacheka. Nami nikacheka.

Usiku nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, na kati ya sababu zilizotajwa imo hali ya maisha ya mtu. Kinamlinda hata anayeomba kazi. Ibara ya 13 ya Katiba nayo inaitaja hali hiyo.

Asubuhi nikasema, "Samahani mwalimu, yule kijana amewahi kuiba, au hana nyumba tu?"

Kimya. Kisha, "Nani atamdhamini, mwanangu?"

"Mimi."

Alifyeka siku mbili, akalipwa. Fyekeo lipo stoo.

Kwa hiyo usigombane. Uliza swali linalotenganisha wizi na umaskini, kisha uwe tayari kumdhamini mtu. Na usicheke. Kicheko changu cha siku ile bado kinaniuma.